Somo: Kupima mzunguko wa damu miguuni kwa wazee, kuanzia swali hadi dopla

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, wengi mliomba somo hili baada ya lile la vidonda vya kisukari. Ateri zinazopeleka damu miguuni huziba taratibu kwa mafuta na chokaa, ugonjwa uleule unaoziba mishipa ya moyo. Wagonjwa wengi hawana dalili, na wenye dalili hukwambia "ni uzee tu mwanangu". Ukisubiri walalamike, wengine watakufikia kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi.

Tusipime kila mzee anayepita dirisha la wazee. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Marekani inataja wenye miaka 65 na zaidi, na wa miaka 50 hadi 64 wenye kisukari, presha, lehemu nyingi au historia ya sigara. Hata hivyo, mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la nchi hiyohiyo lilisema ushahidi hautoshi kupendekeza, wala kukataa, kuwapima watu wasio na dalili. Kwa hali yetu, yenye dopla moja (kifaa cha kusikilizia damu inavyopita mshipani) na foleni hadi mlangoni, mimi ningeanza na kliniki ya kisukari na presha, wavuta sigara, na yeyote mwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Hatua ya 1: Uliza habari za mwendo

Ukiuliza "miguu inauma?" kila mzee atajibu ndiyo. Msalimie, kisha uliza: "Bibi, ukitoka nyumbani kwenda sokoni, unasimama njiani? Nini kinakusimamisha?" Maumivu ya ateri yana tabia yake. Kigimbi kinabana akitembea, akisimama yanaisha ndani ya dakika 10 bila hata kuketi, akiendelea yanarudi baada ya umbali uleule. Mwenye neva zilizobanwa mgongoni hatulii kwa kusimama tu, atatafuta pa kukaa au atainama mbele. Wa goti huumia tangu anaponyanyuka kitini.

Msikilize sana anayesema "siku hizi namtuma mjukuu". Huyo haumwi kwa sababu hatembei.

Hatua ya 2: Vua viatu na soksi, miguu yote miwili

Tazama kati ya vidole na nyuma ya kisigino, ndiko vidonda hujificha. Ngozi inayong'aa, kucha nene na vinyweleo vilivyopotea vinaongeza shaka, ingawa wazee wengi wazima wanavyo pia. Gusa kwa mgongo wa mkono ukilinganisha mguu na mguu: mmoja baridi na mwingine wa moto ni habari kubwa kuliko yote miwili kuwa baridi asubuhi ya Julai kule Njombe.

Kwa ngozi zetu nyeusi weupe hauonekani juu ya mguu, kwa hiyo angalia unyayo. Mlaze, inua miguu kwa dakika moja au mbili. Unyayo ukipauka, mketishe aning'inize. Mguu wenye damu haba huchelewa kurudisha rangi, kisha huiva kwa wekundu wa kukolea.

Hatua ya 3: Tafuta mapigo

Sehemu mbili: juu ya mguu, kando ya kano ya dole gumba, na nyuma ya jicho la mguu la upande wa ndani. Tumia vidole vitatu, usitumie dole gumba lako maana utahesabu mapigo yako mwenyewe. Kosa ninaloliona kila mara ni kukandamiza. Ateri ya juu ya mguu iko juu ya mfupa, ukibonyeza kidogo tu umeizima. Weka vidole kwa wepesi, subiri, sogeza kidogo, subiri tena. Watu wachache wenye afya njema hawana pigo hilo la juu, ndiyo maana kukosa lile la nyuma ya jicho la mguu kuna uzito zaidi.

Hatua ya 4: Dopla na mkanda wa presha

Mzee alale chali, apumzike dakika 5 hadi 10. Funga mkanda juu kidogo ya jicho la mguu. Paka jeli, shika kichwa cha dopla kwa mshazari, usikisimamishe wima. Ukishapata sauti, jaza upepo hadi ipotee, ongeza 20 hivi, kisha achia polepole. Andika namba pale sauti inaporudi. Fanya hivyo kwa ateri zote mbili za kila mguu na kwa mikono yote miwili, mkononi pia kwa dopla. Usifunge mkanda juu ya kidonda kibichi, wala mguu unaoshukiwa kuwa na damu iliyoganda kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni.

Hatua ya 5: Gawanya

Chukua namba kubwa ya kila mguu, gawanya kwa namba kubwa ya mikono. Mfano: mikono 142 na 136, mguu wa kulia 104 na 110, wa kushoto 130 na 138. Kulia ni 110 kwa 142, yaani 0.77. Kushoto ni 138 kwa 142, yaani 0.97.

Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni kawaida. 0.91 hadi 0.99 ni mpakani. 0.90 kushuka, ateri zimeziba. Chini ya 0.40 ni hali mbaya, mtafutie rufaa siku hiyohiyo. Zaidi ya 1.40 msifurahi: ateri zimekakamaa kwa chokaa hadi mkanda unashindwa kuzibana, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu na ugonjwa wa figo. Hao wanahitaji kupimwa presha ya kidole gumba cha mguu hospitali kubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Singida: Dopla tuliyonayo ni ya wodi ya wazazi. Inafaa?

Hapana. Ya wajawazito huwa ya megahezi 2 au 3, imetengenezwa kufika ndani kabisa ya tumbo. Ateri ya mguu iko karibu na ngozi, inataka 8 hivi. Angalieni namba kwenye kichwa chake. Mashine nyingine hukubali kubadilishwa kichwa.

Tabibu, Lindi: Je, mashine ya presha ya kujipima yenyewe nikiifunga mguuni?

Kwa mguu wenye shida inaweza kuzidisha namba au kuandika hitilafu. Ikiandika hitilafu, usijaze "kawaida". Bila dopla, fanyeni hatua tatu za mwanzo kwa umakini na mpeleke rufaa mwenye shaka.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Muheza: Bibi mmoja miguu yake ina ganzi na baridi, wanawe wanamkanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Niwazuie?

Wazuie leo, kwa adabu. Hasikii moto, ataungua bila kujua, na ngozi isiyopata damu haiponi. Soksi na blanketi zinatosha. Kisha aje apimwe sukari na mapigo.

Muuguzi, Mombasa: Mguu umevimba na una kidonda. Nifunge bendeji ya kubana?

Mapigo kwanza. Kidonda cha vena hukaa zaidi juu ya jicho la mguu la ndani, ngozi ikiwa ya kahawia, na bendeji humsaidia. Cha ateri hupenda vidoleni na kisigino, na hapo bendeji ya kubana inaweza kumaliza damu kidogo iliyobaki.

Mwanachama, Morogoro: Nimepata 0.82 kwa mzee asiye na maumivu yoyote. Nimwache?

Usimwache. Wengi wa hawa mguu hautakatwa, kinachowaua ni moyo na kiharusi. Aache sigara, presha na sukari vidhibitiwe, daktari aamue kuhusu dawa za lehemu. Na atembee: anayebanwa kigimbi atembee hadi maumivu yakolee, apumzike, aendelee, jumla dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa wiki.

Mwanachama, Kigoma: Baba anaamka usiku, mguu unamchoma, anauning'iniza kitandani ndipo anapata nafuu. Kliniki yake ni mwezi ujao.

Asisubiri mwezi ujao, mpeleke hospitali kesho asubuhi. Maumivu hayo yanaonyesha damu haitoshi hata akiwa amelala. Na kama mguu ukibadilika ghafla, ukawa baridi, umepauka, unauma sana au hausogei, msingoje kukuche. Hapo zinahesabiwa saa.