Kupima lakteti ya damu ya kitovu pale mtoto anapodhaniwa kuchoka tumboni

Nimeandika mwongozo huu baada ya kukesha na mkunga mwanafunzi hapa Pemba, tukihangaika na sampuli mbili zilizotoa jibu moja. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka ikatoa maji ya kijani, na mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yakishuka na kuchelewa kupanda baada ya kila uchungu. Mtoto anayepungukiwa na oksijeni hulazimika kutumia sukari bila oksijeni hiyo, na lakteti, zao la kutumia sukari kwa njia hiyo, hupanda katika damu yake.

Damu inaweza kuchukuliwa kwenye ngozi ya kichwa kabla hajazaliwa, njia aliyoianzisha daktari Erich Saling mjini Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini haifai kwa mama mwenye VVU wala kwa mimba isiyotimiza wiki 34. Hapa naeleza damu ya kitovu, inayoonyesha baada ya kuzaliwa kama mtoto alichoka kweli.

Hatua ya 1. Kitovu kikishabanwa na kukatwa, bana tena upande wa kondo la nyuma, ubaki na kipande cha sentimita 10 hadi 20 chenye damu. Mtoto asiyepumua hutangulia kuhudumiwa.

Hatua ya 2. Tayarisha mashine ya mkononi ya kupima lakteti. Kichupa cha vijiti vya kupimia kisikae wazi, kwani unyevu huviharibu.

Hatua ya 3. Choma ateri. Kitovu kina vena moja, pana na yenye ukuta mwembamba, na ateri mbili nyembamba, nyeupe, zilizojisokota juu yake kama nyuzi za kamba ya usumba. Vena hupeleka damu kwa mtoto kutoka kwenye kondo; ateri huitoa kwa mtoto, na ndiyo tunayoitaka. Usiku ule nilichoma vena mara mbili bila kujua, ndiyo maana sampuli zote mbili zilitoa jibu moja. Tulibadilisha betri, tukafungua kichupa kipya cha vijiti, na kila tuliporudia jibu lilizidi kupanda. Kosa langu lilikuwa kusimamisha sindano: ilipenya ateri ikatokea kwenye vena iliyo chini yake. Ilaze sindano karibu ifuate mshipa, tundu la ncha likitazama juu, na uanze na ateri wakati vena bado imejaa na kuiegemeza. Mimi hutumia sirinji ya mililita 1 tu, kwa sababu kubwa huvuta kwa nguvu hadi ateri inanywea. Damu ikijaa upesi mno, shuku kuwa umo kwenye vena. Ukikwama, geuza kondo upande uliomwelekea mtoto, ambako kwa kawaida ateri hupita juu ya vena, uchome hapo.

Hatua ya 4. Pima papo hapo. Chembe nyekundu zilizomo katika kipande huendelea kutumia sukari na kutoa lakteti, na ndiyo maana majibu yetu yalikuwa yakipanda. Kipimo kilichochelewa zaidi ya dakika 20 mimi sikipokei, ingawa pH (kipimo cha uasidi, kinachoshuka asidi inapozidi) ya kipande kilichobanwa huvumilia hadi saa moja.

Hatua ya 5. Andika wakati, mshipa na aina ya mashine, kwa kuwa mashine hutofautiana. Kiwango cha lakteti cha milimoli 4.8 kwa lita kinachotumika kwa damu ya kichwani kisihamishiwe kwenye kitovu. Mwenye mashine ya gesi za damu aangalie pH ya ateri iliyo chini ya 7.0 pamoja na upungufu wa besi (kipimo cha asidi iliyozidi katika damu) wa milimoli 12 kwa lita au zaidi. Kama pH ya ateri haiko chini ya ile ya vena kwa angalau 0.02, sampuli zote mbili huenda zimetoka mshipa mmoja, na haifai kuandika “ateri” katika faili.