Shati jeupe na vumbi la Lubumbashi: kufua na kupiga pasi kwa wamisionari wapya

Kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, akitumwa Lubumbashi kutoka nchi nyingine, anakuja kwa miezi 24. Akiwa dada, miezi 18. Namna ya kufundisha amejifunza kabla ya kufika. Kufua kwa mikono mara nyingi hajafundishwa na mtu, na huku udongo ni mwekundu, kura (umeme) inakatika, tena kuna nzi anayependa nguo mbichi.

Siku ya maandalizi ni moja kwa wiki, kwa kawaida Jumatatu, na saa kumi na mbili jioni kazi inaanza tena. Ndani ya saa hizo utafua, utaenda soko, utasafisha nyumba na kuongea na wazazi kwa video. Kwa hiyo uwe na mashati saba, ya pamba kuliko ya nailoni. Tangu 2020 Kanisa linakubali pia shati la bluu lisilo na michoro, lakini muulize kwanza rais wa misheni, yaani kiongozi wa wamisionari wa eneo lenu. Sweta moja usiiache: asubuhi za Juni na Julai ni baridi kweli, na hicho ndicho kiangazi chenye vumbi.

Jaza maji Jumapili usiku, maana bomba halina ahadi. Bidoni tatu za lita 20 zinamtosha mtu mmoja. Tope la masika usilisugue likiwa bichi, litaingia ndani ya uzi. Liache likauke, likung'ute kwa brashi, ndipo uloweke shati nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga. Kola na kwapa zipake sabuni ya kipande, usugue kwa mswaki laini wa zamani. Suuza mara tatu.

Wageni wengi hukimbilia jiki, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Wekundu wa udongo huu ni kutu ya chuma, na klorini haiondoi kutu. Kwapa lenye manjano ya jasho na dawa ya kwapa nalo linazidi kuwa manjano ukilimwagia klorini. Doa la udongo lililobaki lipake maji ya limau na chumvi kidogo, ulianike juani saa moja, kisha ulisuuze vizuri.

Sasa pasi. Huku kupiga pasi ni afya kwanza, unadhifu baadaye. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini kwenye majani. Nguo ikivaliwa, buu linaingia kwenye ngozi bila wewe kusikia kitu, na baada ya siku chache linatokea jipu lenye tundu dogo katikati. Moto wa pasi unaua mayai. Basi anika kwenye kamba, juani, na upige pasi kila kitu pande zote mbili: shuka, taulo, soksi, chupi, na zaidi mishono na mikanda ya kiuno. Wengi wanapiga pasi shati tu kwa sababu ndilo linaloonekana. Jipu linatokea kiunoni.

Ugumu uko kwenye nguo za ndani za hekaluni, vazi takatifu ambalo waumini waliofanya maagano hekaluni wanavaa chini ya nguo za kawaida. Hazianikwi mbele za watu, kwa hiyo wengi wanazificha kivulini nyuma ya nyumba, pale pale nzi anapopataka. Zianike chumbani, dirisha likiwa na wavu. Za pamba zinavumilia pasi ya moto. Za kitambaa chepesi cha nailoni zitaungua, kwa hiyo zikishakauka zifunge ndani ya mfuko kwa wiki mbili kabla ya kuzivaa. Ndiyo maana unahitaji jozi nyingi kuliko unavyofikiri.

Kura ikikatika, tumia pasi ya makala (mkaa). Washa makala nje kwenye mbabula (jiko la mkaa) mpaka moshi uishe na majivu meupe yaanze kuonekana, ndipo uyatie ndani ya pasi. Ifute chini kwa kitambaa cha zamani, ijaribu kwenye taulo, na juu ya shati jeupe tandaza leso yenye unyevu, kwani cheche moja inatoboa. Usipige pasi wala kuweka mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa baridi ya Julai. Hewa ya makala haina harufu ya kukuonya, na inaua watu wakiwa usingizini.

Jipu likitokea, usilikamue kwa nguvu: buu likipasuka ndani, kidonda kinaoza. Lipake vazelini nzito kuziba tundu, buu likose hewa na kusogea nje, na mjulishe mke wa rais wa misheni siku hiyo hiyo. Mmisionari mwenzako unayeishi naye akague mgongo wake. Kamba yenu ya nguo ni moja.

Mkiruhusiwa kumlipa mama wa jirani afue, msalimieni kwanza, «jambo mama», mkae kidogo, ndipo mpatane bei. Pasi itajeni waziwazi katika mapatano, pamoja na pesa ya makala, la sivyo nguo zitarudi safi, zimekunjwa vizuri, na mayai ndani.