Gauni la kanga kwa doti moja, bila kulikata jina

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja aliniletea kanga ya marehemu mama yake nimshonee gauni. Ilikuwa nyekundu na nyeupe, imefuliwa mpaka imelainika kama pamba ya mtoto, na jina lake lilikuwa NANI KAMA MAMA. Nilikata kwa haraka kama nilivyozoea kukata kitenge: nikakunja, nikaweka kipimo, nikapitisha mkasi. Alipokuja kulichukua akaligeuza mbele na nyuma, akalitandaza juu ya meza, kisha akaniuliza taratibu, "Fundi, mama yuko wapi?" Nikatazama. Pajani palibaki NANI KAMA, na neno la mwisho lilikuwa limeenda na vipande vya chini ya meza. Tulipiga magoti wote wawili tukalitafuta. Tulilipata, nikalishonea kwa ndani upande wa kifuani, naye akaondoka ameridhika. Mimi sikuridhika, na tangu siku hiyo kanga siikati kama kitenge.

Kitenge ni mita za maua yanayojirudia, ukikosea hapa unakata pale. Kanga ni kitu kizima: ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Imechorwa ikiwa na juu na chini, kulia na kushoto. Kwa hiyo gauni ninalokuonesha leo tunalijenga kuanzia kwenye jina, halafu mwili unafuata. Mtindo wenyewe ni kaftani pana ya mikono ya kipopo, na hata aliyejifunza cherehani mwezi uliopita ataliweza.

Kwanza twende dukani

Dar es Salaam mimi hununua Kariakoo na Mtaa wa Uhuru. Aliye Unguja ana Darajani, aliye Mombasa ana Biashara Street, ambako kanga bado inaitwa leso na baadhi ya maduka ni ya zamani sana. Zile zenye maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla" zinatoka kwenye duka la huko lililoanza mwaka 1887. Nenda asubuhi. Taa za dukani zinadanganya rangi, na muuzaji asubuhi ana subira ya kukufunulia doti kumi.

Usinunue kanga iliyokunjwa. Mwombe aifunue yote, ushike upande mmoja yeye ashike mwingine, kisha angalia mambo haya. Jina limelala sawa na pindo la chini, au limepanda upande mmoja? Pindo la kushoto na la kulia yana upana mmoja? Kwa gauni hili kasoro hiyo itaonekana, maana pindo moja litakuwa kwenye mkono wa kulia na jingine wa kushoto. Halafu linganisha kanga ya kwanza na ya pili ndani ya doti hiyohiyo. Wakati mwingine rangi ya moja imekolea kuliko mwenzake.

Shika kwa mkono. Nyingine zimetiwa wanga mwingi, zinasimama kama karatasi, ukifua zinabaki wavu. Inyanyue kwenye mwanga: nyuzi zikiwa zimeachana mpaka unamwona mtu wa upande wa pili, irudishe. Kama unashuku si pamba tupu, chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni ukazichome nyumbani kabla hujanunua ya pili. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu. Ya kutengenezwa kiwandani kwa plastiki inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Hiyo kwa joto letu ni adhabu, hasa kwenye gauni pana hivi.

Na usome jina! Wewe ndiye utakayetembea nalo mjini, kwa mama mkwe, kazini siku ya Ijumaa. Kuna majina ya mafumbo yanayofaa kuvaliwa ndani ukiwa jikoni kwako, na kuna ya dua na shukrani ambayo unaweza kuingia nayo popote. Jina refu sana nalo lina shughuli yake, nitaeleza mbele.

Fua kabla ya mkasi

Loweka kwenye maji baridi peke yake, fua kwa sabuni kidogo, rudia mpaka maji yatoke meupe. Pamba hurudi. Zangu nyingi zimepungua kati ya inchi moja na mbili, na ukishona kwanza ukafua baadaye, kupungua huko kutakuwa kwenye nyonga zako. Anika kivulini, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Ukiinyoosha kwa nguvu sana wakati wa kupiga pasi utaipinda kona, na gauni litaning'inia upande.

Kuitenganisha doti

Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa upana na 110 kwa kimo, yaani inchi 59 kwa 43 hivi. Doti huja ikiwa kipande kimoja, kanga mbili zimefuatana, na katikati kuna njia nyembamba kati ya pindo la hii na pindo la ile. Kata hapo hapo. Usichane kwa mikono kama tunavyozoea dukani, kwa sababu chapa ya rangi haifuati uzi kila mara, na ukichana utaingia ndani ya pindo. Kata kwa mkasi ukifuata mchoro.

Sasa una kanga mbili. Moja ni mbele, moja ni nyuma. Tazama kingo zake: ule wa juu na ule wa chini ni kingo za kiwandani, hazifumuki, hazihitaji kupindwa wala ovaloki. Za pembeni ndizo zilizokatwa. Zipinde sasa hivi, mikunjo miwili ya robo inchi, ushone. Ukingoja mwisho utajikuta unapinda juu ya tabaka mbili na mshono utakuwa mnene. Sindano namba 11 inatosha, namba 14 inaacha matundu kwenye kanga nyepesi. Uzi chagua unaofanana na rangi ya pindo, siyo ya mji.

Hapa ndipo napenda kusimama kidogo. Kwenye nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua leso za mkononi, zile ndogo za mraba ambazo neno lake tulilipata kwa Wareno, wakaziunganisha kwa sindano mpaka zikawa nguo moja kubwa ya kujifunga. Wafanyabiashara waliiga baadaye kwa kuchapa kitambaa kizima. Kwa hiyo mtu akikwambia kanga ni ya kujifunga tu, haishonwi, mwambie bila mshono isingekuwepo.

Mabega na shingo

Weka kanga mbili uso kwa uso, juu kwa juu. Hakikisha majina yote mawili yako chini na yanasomeka yakiwa wima. Kuna wanaochukua doti nzima wakaikunja begani ili wakwepe mshono, na majina yanakaa ubavu, hayasomeki yakiwa wima. Sisi tunashona bega.

Tafuta katikati ya ukingo wa juu, tia chaki. Pima inchi 4 kulia na inchi 4 kushoto. Sehemu hiyo ya inchi 8 ni shingo, usiishone. Kuanzia hapo shona kwenda nje mpaka ncha, pande zote mbili, nusu inchi kutoka ukingoni. Rudisha cherehani mbele na nyuma mara mbili pale shingo inapoanzia, maana hapo ndipo panapochanika mtu anapovaa kwa haraka. Fungua mshono kwa pasi.

Kwa shingo ya mbele shuka inchi 4 na nusu katikati, chora duara laini hadi kwenye alama mbili. Nyuma shuka inchi 1 tu. Kata ndani ya alama kwanza, pitisha kichwa, ndipo uongeze. Ukishaweka utepe, shingo itapanuka robo inchi nyingine kuzunguka, kwa hiyo usiwe mkarimu na mkasi. Pindo la juu linakatika hapa katikati, hilo halina budi, na ukikata duara lako sawasawa litabaki linashuka mabegani kama mkufu.

Utepe wa kumalizia shingo ukate mshazari kutoka kitambaa cheupe cha pamba au rangi ya mji, upana inchi 1 na robo. Mshazari unavutika, kwa hiyo unafuata duara. Ukikatwa wima utakunjamana. Ushone kwa nje uso kwa uso, punguza mshono kwa vijikato vidogo kila nusu inchi, geuza ndani, piga pasi, kisha shona tena ukiwa karibu kabisa na ukingo.

Mshono wa mwili, na jina

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu, kwa hiyo nenda nayo polepole.

Geuza gauni upande wake wa kuvaa, lilaze mezani mbele ikiwa juu ya nyuma. Tutashona kwa nje, mshono mmoja wima kila upande, unaopita tabaka zote mbili. Kitambaa cha nje ya mshono ndicho mikono ya kipopo.

Chukua kipimo cha nyonga, gawa kwa nne, ongeza inchi 2 na nusu. Mwenye nyonga 42 anapata 10 na nusu, jumla 13. Kutoka mstari wa katikati pima 13 kulia na 13 kushoto, tia alama kuanzia inchi 11 chini ya bega, hapo ndipo kwapa, mpaka kwenye nyonga. Mwenye kifua kikubwa kuliko nyonga atumie kifua.

Ukifika nyonga simama. Pima jina. Tuseme lina inchi 30 kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nusu yake ni 15. Ukiendelea kushuka wima kwenye 13, mshono utapita juu ya herufi, na nakuhakikishia utapita kwenye neno lenye uzito. Kwa hiyo kutoka nyonga mshono uanze kutoka nje taratibu, kwa mshazari, ili ukifika usawa wa jina uwe umeliacha inchi 2 nzima. Kwa mfano wetu ni 15 na 2, yaani 17 kutoka katikati. Nguo ina zaidi ya inchi 28 kila upande, kwa hiyo nafasi ipo tele, na upana huo wa chini unakupa hatua ya kutembea bila kupasua. Kwa jina fupi la inchi 20, toka kidogo tu ili upate mwendo.

Angalia pia kama jina la mbele na la nyuma yamelaliana. Choma pini herufi ya kwanza, geuza, uone inatokea wapi. Zikipishana zaidi ya inchi moja, pima kwa lile lililojitokeza zaidi.

Piga bandi kwanza, kwa uzi wa rangi tofauti na mishono mirefu. Livae. Inua mikono, kaa kwenye kiti, panda ngazi mbili tatu. Mwite mtu asimame mbele yako akusomee jina kwa sauti, kisha zunguka akusomee la nyuma. Akisita kwenye neno lolote, au akisoma neno nusu, fumua bandi usogeze mshono. Mimi huwa namwita mtoto wa jirani wa darasa la tatu, kwa sababu yeye anasoma kilichoandikwa, wakati mtu mzima anakisia kilichokatika. Likisomeka, shona kwa mishono midogo, funga vizuri pale kwapani na chini, chomoa bandi.

Gauni litafika magotini au chini yake kidogo, kutegemea kimo chako. Anayetaka kujisitiri zaidi avae na suruali nyembamba ya rangi moja, au sketi ndefu ya ndani. Usiongeze kipande chini ya pindo. Pindo ndilo mwisho wa kanga, na kipande cha chini yake kitaonekana kama kiraka hata ukishona vizuri namna gani. Ukipenda kiuno, funga mkanda wa kitambaa juu ya mji, na makobazi miguuni yanatosha.

Piga pasi kwa ndani. Kile kipande cha duara kilichotoka shingoni kina maua ya pindo, usikitupe mpaka gauni limevaliwa na mwenyewe amelitazama kwenye kioo. Mimi vyote naviweka kwenye kopo moja juu ya kabati, kila kimoja na pini ya jina la mteja.