Laptopu ya kazi nzito: namna ya kuifikisha mwaka wa saba

Laptopu yenye prosesa kali na kadi ya grafiki yake yenyewe mara chache hufa kwa chipu kuungua. Kinachochoka mapema ni vitu vilivyoizunguka chipu hiyo: pesti ya joto (inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye shaba ya kupoza), feni, betri, bawaba na tundu la chaja. Vyote hivyo husafishika au hubadilishika, tena kwa sehemu ndogo ya bei ya mashine. Kwa mtu anayehariri video au kuchora majengo Dar es Salaam au Mombasa, kwenye joto, vumbi na hewa ya chumvi, tofauti kati ya miaka mitatu na saba ni bisibisi kushikwa walau mara moja kwa mwaka.

Andika namba ingali mpya

Wiki ya kwanza weka HWiNFO, programu inayosoma joto na kasi ya mashine, ipe mashine kazi nzito kwa dakika 20, kisha andika mambo manne: joto la juu la prosesa, joto la grafiki, kasi ambayo prosesa imetulia nayo, na joto la chumba. Hilo la mwisho husahauliwa na wengi. Chumba cha nyuzi 33 na chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 vinapishana nyuzi 9, na karibu tofauti yote hiyo huhamia kwenye chipu.

Prosesa nyingi za laptopu za Intel hujipunguza kasi zikifika nyuzi 100, na nyingi za AMD zikikaribia 95. Kwa hiyo kuona 95 kwa sekunde chache si ugonjwa. Cha kukushtua ni mabadiliko: mwaka jana ilikuwa nyuzi 86 kwa GHz 3.8, leo ni 97 kwa GHz 3.1, chumba kilekile, kazi ileile. Hapo mshukiwa ni vumbi au pesti, na unaweza kuvitofautisha kabla hujafungua chochote. Kukiwa na vumbi, feni hupiga kelele lakini ukiweka kiganja nyuma ya mashine hewa inatoka kwa unyonge, na prosesa na grafiki hupanda pamoja. Pesti ikiisha, hewa hutoka kwa nguvu ila ni vuguvugu tu. Joto huruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde moja ya kazi, na kiini kimoja cha prosesa husoma 98 huku jirani yake yuko 80.

Vumbi

Mashine inayofanya kazi karibu na barabara ya vumbi ifunguliwe kila miezi 6. Ya ofisini mara moja kwa mwaka inatosha. Izime kabisa, si kuilaza tu. Mfuniko wa chini hushikwa zaidi na skrubu za PH0 (kichwa cha msalaba), baadhi T5 (kichwa cha nyota). Zipange juu ya karatasi kama zilivyokaa, maana urefu hutofautiana, na skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi huweza kutoboa kibodi upande wa pili. Achanisha klipu kwa kadi ya plastiki, kamwe usitumie bisibisi bapa. Mfuniko ukitoka, jambo la kwanza ni kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi.

Vumbi baya haliko kwenye feni. Liko kati ya feni na mapezi ya shaba, limeshikana kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni tu, na kesho linarudi mahali pake. Fungua skrubu mbili tatu za feni, iinue, litoe blanketi hilo kwa kibano, kisha pangusa mabawa kwa brashi laini. Ukitumia hewa ya kupuliza, ishike feni kwa kidole. Ikizungushwa kupita kasi yake, beringi huanza kulia. Kompresa ya fundi wa matairi iache hukohuko kwenye matairi, kwani hewa yake huja na maji na mafuta.

Pesti

Hii ni kazi ya kila miaka 2 au 3, au pale namba zinapodai. Chipu ikipata moto hutanuka, ikipoa husinyaa, na kila mzunguko huisukuma pesti pembeni kidogo mpaka katikati panabaki pakavu. Pesti nyepesi zilizotengenezwa kwa kompyuta za mezani hukimbia haraka zaidi, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Chagua pesti nzito, au bora zaidi karatasi ya PTM7950 ya Honeywell, ambayo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi, ikajaza mianya na kubaki pale pale.

1. Iwashe mashine dakika 5 ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime na uchomoe betri.
2. Fungua skrubu za kipozeo (ile shaba inayokaa juu ya chipu na kubeba joto lake) kwa namba zilizochapwa kando yake, kutoka kubwa kurudi 1, nusu mzunguko kila moja.
3. Futa chipu na shaba kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya dukani yenye rangi huacha utando.
4. Paka pesti ifunike chipu yote. Chipu ya laptopu haina kofia ya chuma, kwa hiyo tone la katikati halitoshi. Kama ni karatasi ya PTM, ikate kwa ukubwa wa chipu na uiweke kwenye friji dakika chache. Plastiki yake itabanduka vizuri.
5. Rudisha skrubu kuanzia 1, nusu mzunguko kila moja.

Pedi laini zilizo juu ya memori ya grafiki zisibadilishwe kwa kukisia. Pedi ya milimita 1.5 mahali pa 1.0 huinua kipozeo chote, na chipu inabaki bila mguso mzuri. Ukikuta kitu kinachong'aa kama zebaki, hiyo ni metali ya kimiminika yenye galiamu: hupitisha umeme na hula aluminiamu. Funga, mpelekee fundi aliyewahi kuishughulikia.

Umeme na betri

Chaja ya wati 230 kwa volti 20 hupitisha ampea 11.5. Mguso ukilegea, mkondo huo hugeuka joto na plastiki ya tundu huanza kuwa ya kahawia. Usiruhusu waya ubebe uzito wa chaja ikining'inia mezani. Chaja ndogo ya USB-C ya wati 100 ni ya safari na kazi nyepesi. Kwenye kazi nzito betri hufidia kinachopungua, ikachakaa huku umechomeka ukutani. Umeme unaporudi baada ya kukatika huja na volti zisizotulia, na kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme kinafaa hapa pia, kwa kuwa laptopu inaweza kusubiri kwa betri. Ukihisi mwili wa chuma unakutekenya, kagua waya wa ethi kwenye soketi na ekstensheni.

Weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kama mashine hukaa mezani. Kwenye Windows, amri `powercfg /batteryreport` hutoa uwezo wa kiwandani na wa sasa. Uwezo wa sasa ukishuka chini ya asilimia 60 ya ule wa kiwandani, agiza betri nyingine. Padi ya kugusa ikigoma kubonyea, au mashine ikiyumba mezani, betri imevimba: zima, usichaji, usiitoboe.

Diski ya SSD haistahili hofu inayopewa. Ya TB 1 yenye dhamana ya kuandikwa TB 600, ukiandika GB 50 kila siku, itachukua zaidi ya miaka 30 kukifikia kikomo hicho. Iachie nafasi tupu ya asilimia 15, inatosha.

Bawaba ndizo huua kimyakimya. Fungua skrini kwa kushika katikati ya ukingo wa juu. Ukisikia mlio mkavu au ukaona kona ya chini ya skrini imeachana, usiifungue tena: toa mfuniko wa chini, kaza skrubu za bawaba zilizolegea kabla vikombe vya chuma vinavyozishika havijang'oka kwenye plastiki.