Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi

Kwenye jedwali la wanachama katika hifadhidata, fanya safu ya simu iwe ya maandishi, na kila namba igeuzwe kuwa 254 (msimbo wa Kenya) na tarakimu tisa kabla haijaingia. Nimejifunza hili juzi nikipanga orodha ya chama cha wauza samaki hapa Kisumu. Safu ilikuwa ya namba kamili, na kwa kompyuta sifuri ya mbele haina thamani, hivyo 0712 ilibaki 712. Orodha ya malipo nayo ilikuja na 254712. Ukiunganisha majedwali hayo kwa simu, hakuna kinacholingana, na mama aliyelipa anaonekana mdaiwa. Atakuja kukutafuta, tena si kwa salamu. Muundo ukiwa mmoja, majedwali yanaungana bila kusafisha namba ndani ya kila hoja, yaani ombi la kutafuta data (jambo ambalo huizuia faharasa ya kawaida, ile ya kuharakisha utafutaji, kutumika), na sharti la upekee, linalokataza namba kujirudia kwenye safu, linamnasa aliyeandikishwa mara mbili, leo kwa 07, kesho kwa +254.

Inakwama wapi? Busia, mpakani na Uganda. Namba za Uganda huanza na 256, ukizibandika 254 umeziharibu. Tena mama na binti wakitumia laini moja, sharti la upekee litamkataa wa pili, kwa hiyo liondoe, na ufunguo mkuu, yaani kinachomtambulisha kila mwanachama, uwe namba ya uanachama. Asiye na simu mwekee NULL, yaani alama ya kwamba hakuna thamani. Ukilibakiza sharti la upekee, hifadhidata za MySQL na PostgreSQL kwa kawaida huruhusu NULL nyingi, lakini maandishi matupu mawili yatagongana. Na Excel kwa kawaida hula sifuri ya mbele ukifungua CSV, faili la maandishi lenye data iliyotenganishwa kwa mkato.