Jinsi ya kucheza Go na kuitangaza bila kujichosha

Wadau, Go ni mchezo wa ubao wa watu wawili kutoka China, una zaidi ya miaka 2,500, Wachina wanauita weiqi na Wakorea baduk, na ukishaushika nao unakushika kweli. Ndo maana wanaoutangaza wengi wanachoka mapema: mtu anafundisha wageni, anabeba mbao, anawapigia watu simu, anapanga mashindano, halafu ukimuuliza mara ya mwisho amecheza lini mwenyewe hakumbuki. Kwa hiyo la kwanza kabisa linda gemu zako. Kila wiki tafuta mtu wa kiwango chako mcheze taratibu, mkimaliza mpitie pamoja pale mambo yalipogeuka. Siku hiyo usimfundishe mtu.

Sasa kuhusu wageni. Ubao mkubwa ni 19 kwa 19, makutano 361, ukimwekea mtu huo siku ya kwanza umempoteza. Chukua kipande cha boksi na rula, chora mistari tisa hivi na tisa vile, kete tumia vizibo vya soda vya rangi mbili, arobaini kila upande zinatosha. Mwonyeshe kwamba kete inakaa pale mistari inapokatana, sio ndani ya kisanduku kama drafti, na ikishakaa haisogei. Kila kete ina pumzi, yaani yale makutano matupu yanayoigusa kwa mstari, katikati ya ubao zinakuwa nne, pembeni tatu, kwenye kona mbili, na kete za rangi moja zikishikana zinachangia pumzi. Ukiziba kwa kete zako pumzi zote za kete za mwenzio, zinatolewa ubaoni. Basi, anza na hilo tu, wa kwanza kula kete ameshinda, dakika chache gemu imeisha mnarudia. Mambo ya kuzungushia eneo na kuhesabu alama yatakuja yenyewe akianza kuuliza, na atauliza. Usimhutubie nusu saa, utachoka wewe na yeye atasinzia. Na ukimpata mzee wa bao pale barazani, mpe shikamoo yake umkalishe, wale wamezoea kupiga hesabu za mbele, anaweza akakusumbua mapema kuliko unavyodhani.

Kingine kinachochosha ni kumshinda mgeni kila siku, haikupi raha wala yeye haimpi. Mpe kete za kuanzia, yaani anazoweka ubaoni kabla wewe hujacheza, mbili, tatu, hata nne kwenye ubao mdogo, kwenye ule mkubwa mpaka tisa. Hiyo sio huruma, ndo utaratibu wa mchezo tangu zamani, na wewe inabidi ufikirie kweli kweli, ndo utamu wenyewe.

Kucheza mtandaoni, tovuti ya OGS (Online Go Server) ni bure na ina gemu za polepole ambazo unaweza kuweka kete moja kwa siku, nzuri kwa mwenye kazi na watoto, ila shika tatu au nne usizidishe. Kiwango chako, kyu (cha wanaojifunza) au dan (cha waliobobea), usikiangalie kila usiku. Programu ya kuchambua kama KataGo ifungue baada ya gemu, angalia sehemu mbili tatu, funga. Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, alifungwa 4-1 na AlphaGo, programu ya kompyuta, mwaka 2016 kule Seoul, na alipostaafu mwaka 2019 alisema wazi kwamba hata akiwa namba moja kuna kitu hakishindiki. Kama yeye ilimgusa hivyo, wewe usijipime na mashine kila gemu.

Kikundi kikianza hata na watu watatu, gawa kazi siku hiyo hiyo, mmoja atunze mbao na vizibo, mwingine asimamie grupu la WhatsApp, mwingine awapokee wageni, na mkubaliane kabisa kwamba usipokuja wewe wanacheza. Wakija wawili tu, wacheze hao wawili. Na aliyekuja mara mbili akasema mchezo haujamkaa, mwachie kipande chake cha boksi aende nacho, msalimiane mkikutana, usimfuatilie kwa meseji.