Aina ya kitenzi cha Kiingereza: tazama kinachokifuata

Kiswahili hutuzoesha kitenzi kinachojieleza chenyewe. Maji yanachemka, mama anachemsha maji. Mnyambuliko umeshamaliza kazi. Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza, awe Uyole au Mafinga, anakuta "boil" ni lilelile kwa yote mawili: "The water is boiling", "Mother is boiling water". Kwa hiyo usihangaike na umbo la neno. Tazama kinachofuata.

Pigia kitenzi mstari, kisha uliza "nini?" au "nani?" Ukipata jibu, hiyo ndiyo yambwa na kitenzi ni elekezi. "Farmers in Mbozi dry coffee": wanakausha nini? Kahawa. Sasa chukua "The coffee dries in the sun". Inakauka nini? Swali halikai, maana "in the sun" linajibu "wapi?" Hapo kitenzi si elekezi. Wengi huteleza hapa, hudhani kila kinachofuata kitenzi ni yambwa.

Zipo jozi chache zinazofanana na "panda" na "pandisha" zetu, nazo hazina ujanja ila kuzikariri. Bei ya viazi ikipanda Mwanjelwa, ni "The price rose". Mchuuzi akiipandisha, ni "The trader raised the price". "Rise, rose, risen" haipokei yambwa; "raise, raised, raised" huidai. Ndiyo maana "The price has raised" ni kosa: imepandisha nini?

"Be" ni kishirikishi, yaani huunganisha tu kiima na maelezo yake. Katika "Rungwe is a mountain", Rungwe na mlima ni kitu kimoja, kwa hiyo "a mountain" si yambwa. Angalia pia "nina njaa": ni "I am hungry", wala si "I have hunger".

Visaidizi ndivyo vinavyokula alama nyingi. Wakati hubebwa mara moja tu, na kitenzi cha kwanza. "She didn't came" imebeba wakati uliopita mara mbili. "Did" imeshaubeba, basi "come" ibaki tupu: "She didn't come". Baada ya "can" na "must" kitenzi hubaki tupu vilevile, bila "to" wala "-s". Baada ya "have" huja umbo la tatu: "has gone", si "has went".

Kisha kuna vitenzi vya hali, kama "know", "want" na "own". "-na-" yetu hubeba linaloendelea na lililo kawaida, ndiyo maana "ninajua" huvutia "I am knowing". Sema "I know".

Vitenzi visivyofuata kanuni vinataka daftari la safu tatu tu, kama "go, went, gone", vitano kwa siku. Anza na "go, come, buy, bring, take".

Jipime kwa majani ya Mufindi: "Tea grows in Mufindi", "They grow tea in Mufindi". Kitenzi elekezi kiko katika sentensi ipi, na yambwa ni neno lipi?